Arthur Lewis na Chuo Kikuu Ambacho Hakikugawanyika



Mwaka 1962, katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, mambo mawili yalifuatana kwa muda usiotimia miezi miwili. Mwezi wa Aprili, chuo cha elimu ya juu cha visiwa hivyo kilipewa hati ya kifalme ya kujitegemea, kikatoka chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Tarehe 31 Mei, Shirikisho la visiwa hivyo hivyo, ambalo lilikuwa na umri wa miaka minne tu, lilivunjwa rasmi. Nchi iliyotazamiwa ikafa, na chuo chake kikabaki hai.

Aliyekiongoza chuo hicho wakati huo alikuwa mwanauchumi mweusi mwenye umri wa miaka 47, ambaye alikuwa ameishi ugenini zaidi ya nusu ya maisha yake. Jina lake William Arthur Lewis. Ulimwengu unamkumbuka kwa Tuzo ya Nobel ya uchumi aliyoipata mwaka 1979. Sisi, katika tafakari hii, tunapenda kumkumbuka zaidi kwa ile miaka michache aliyoongoza chuo kikuu, kwa kuwa hapo ndipo maarifa yake yalipopimwa. Kueleza kwa nini maskini ni maskini ni kazi ya mtaalamu mwenye kalamu na karatasi. Kuwashawishi maskini wasiachane, wakati kila mmoja anatazama njia yake, ni kazi ngumu kuliko hiyo.

1. Mtoto wa walimu wahamiaji

Lewis alizaliwa tarehe 23 Januari 1915 mjini Castries, mji mkuu wa Saint Lucia, kisiwa kidogo chenye milima mikali na mashamba ya miwa. Wazazi wake, George na Ida, hawakuwa wenyeji wa hapo. Walikuwa walimu waliohama kutoka kisiwa cha Antigua mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwao Antigua watu walisema Kiingereza, na wao wenyewe walikuwa Waanglikana. Huko Saint Lucia wakazi wengi walikuwa Wakatoliki, na lugha ya nyumbani ilikuwa Krioli iliyotokana na Kifaransa. Hivyo Arthur alijua maana ya kuwa mwana wa wageni kabla hajapanda meli yoyote.

Alipokuwa na miaka saba, aliugua akalazimika kukaa nyumbani kwa majuma kadhaa. Baba yake hakutaka mtoto apitwe na masomo, akaanza kumfundisha mwenyewe. Kadiri Lewis alivyosimulia baadaye, baba huyo alimfundisha kwa miezi mitatu mambo ambayo shule ilifundisha kwa miaka miwili. Aliporudi darasani alirushwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Tangu hapo alisoma na kufanya kazi kati ya watu waliomzidi umri kwa miaka miwili au mitatu. Kwa akili aliwazidi, lakini kwa mwili alikuwa mdogo wao, na jambo hilo lilimuumiza. Yeye mwenyewe alisema kwamba lilimfundisha mapema kuwa alama za juu si kila kitu.

Arthur alikuwa bado na miaka saba baba huyo alipofariki. Mama akabaki mjane mwenye wavulana watano, mkubwa miaka kumi na saba, mdogo miaka mitano, katika kisiwa ambacho hakikuwa cha ukoo wake. Aliwalea wote kwa kazi ya mikono yake. Mwanawe, alipokuwa tayari mtu mashuhuri, aliandika kwamba hakuwahi kumjua mtu mwenye nidhamu na bidii kuliko mama yake. Tunapotaja masomo ya Lewis tuanze hapo, kitandani mwa mtoto mgonjwa na mezani pa mjane, kabla ya kutaja London.

2. Karani ambaye hakuruhusiwa kuwa mhandisi

Arthur alisoma katika Saint Mary's College, shule ya Kikatoliki ya wavulana mjini Castries, akamaliza masomo yote akiwa na miaka kumi na minne. Umri wake haukumruhusu kufanya mtihani wa ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma Uingereza. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1932. Akaajiriwa kuwa karani serikalini. Huko alijifunza kuandika barua, kupiga taipu, kupanga mafaili na kuwa mtu wa utaratibu. Baadaye alijuta kidogo kwamba miaka hiyo haikumwachia nafasi ya kusoma historia na fasihi ya kutosha. Lakini ukarani huo ulimfaa: kila alipopewa ofisi ya kuongoza, alijua kazi za ofisi kuanzia chini.

Mwaka 1932 alifanya mtihani, akashinda. Ndipo swali likaja: asome nini? Moyo wake ulitaka uhandisi. Lakini katika makoloni yale serikali haikumpa mtu mweusi kazi ya uhandisi, wala kampuni za wazungu hazikumpa. Vijana weusi wenye akili walikimbilia sheria au udaktari, kwa sababu wakili na daktari huweza kuishi kwa wateja wao wenyewe bila kuomba kazi kwa mtawala. Lewis hakutaka kuwa wakili wala daktari. Mwishowe aliamua kusomea biashara, akitumaini kurudi nyumbani kufanya kazi katika halmashauri ya mji au dukani.

Mwaka 1933, akiwa na miaka kumi na minane, alifika London School of Economics. Masomo ya biashara yalichanganywa na uchumi kidogo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alipofika hakujua uchumi ni elimu ya namna gani. Lakini aliuweza tangu mwanzo. Mwaka 1937 alihitimu kwa daraja la kwanza, akapewa ufadhili wa kuendelea hadi udaktari wa falsafa, ambao aliupata mwaka 1940.

Tutambue jambo hili vizuri. Mlango wa uhandisi ulifungwa mbele yake kwa sababu ya ngozi yake, si kwa sababu ya hesabu zake. Wengine husimulia habari za namna hii kana kwamba kufungiwa mlango ni baraka iliyofichika. Sisi hatusemi hivyo. Dhuluma ilibaki dhuluma, na hatutajua kamwe visiwa vile vilikosa madaraja mangapi kwa kumkataa mhandisi huyo na wenzake. Tunasema tu kwamba Lewis hakuusahau mlango ule, na siku moja alipata uwezo wa kuwafungulia wengine.

3. Ugenini Uingereza

Mwaka 1938 chuo chake kilimwajiri kuwa mhadhiri msaidizi. Alikuwa mweusi wa kwanza kufundisha hapo. Mwaka 1939, akiwa na miaka 24, alichapisha kijitabu juu ya wafanyakazi wa visiwa vya kwao. Miaka ile mashamba ya miwa na bandari za Karibi zilikuwa zimewaka: migomo na ghasia zilizuka Saint Kitts mwaka 1935, Trinidad na Barbados mwaka 1937, Jamaika mwaka 1938. Magazeti ya watawala yaliona fujo tu. Lewis aliona watu waliokuwa wakifanya kazi kutwa bila kupata chakula cha kuwatosha. Akaandika pia kwamba Uingereza ina deni kwa visiwa hivyo, kwa sababu ya miaka mia mbili ya kazi ya watumwa isiyolipwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitwa kuwa katibu wa kamati iliyoishauri Wizara ya Makoloni juu ya uchumi. Alipoona ushauri hausikilizwi, mwaka 1944 alijiuzulu. Mwaka 1947 alimwoa Gladys Jacobs, mwalimu kutoka kisiwa cha Grenada, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Chuo kikuu kimoja kilimnyima nafasi ya uprofesa, na rangi yake ilikuwa mojawapo ya sababu. Lakini mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Manchester kilimpa kiti cha profesa wa uchumi akiwa na miaka 33. Ndiye profesa mweusi wa kwanza katika vyuo vikuu vya Uingereza.

Manchester ilikuwa mji wa viwanda, na katika mtaa wa Moss Side walikuwa wameanza kukaa wahamiaji kutoka Karibi na Afrika. Profesa angeweza kubaki maktabani. Lakini Lewis alishirikiana na wengine kuanzisha vituo vya jioni ambapo wahamiaji hao walikutana, wakajifunza ufundi na masomo, na kupata msaada wa kutafuta kazi. Kumbe alikuwa akifanya kwa watu wazima yale ambayo baba yake alimfanyia yeye: kumsaidia aliyebaki nyuma ili awafikie wenzake.

4. Kwa nini anayefanya kazi sana anabaki maskini?

Hilo ndilo swali lililomsumbua tangu ujana. Mkulima wa kahawa wa nchi za joto anatoka jasho sawa na mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Ulaya, pengine zaidi. Kwa nini kahawa ni rahisi na chuma ni ghali? Jibu lilimjia mwezi wa Agosti 1952, akitembea barabarani mjini Bangkok. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, alilichapisha katika makala iliyobadilisha elimu ya uchumi.

Tujaribu kuieleza kwa ufupi. Nchi maskini, alisema, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo na ya kisasa: mgodi, kiwanda, shamba kubwa la kampuni. Ya pili ni pana: mashamba madogo ya familia, wachuuzi, vibarua, watumishi wa majumbani. Katika sehemu hii ya pili watu ni wengi kuliko kazi. Kwa hiyo mwenye mgodi hahitaji kulipa mshahara mkubwa ili apate wafanyakazi. Anatosheka kulipa kidogo kupita kile ambacho mtu angepata kwa kubaki kijijini. Mgodi unaweza kupanuka mwaka baada ya mwaka, faida ikaongezeka, na mshahara ukabaki pale pale. Faida hiyo ikiwekezwa tena nchini, kazi zinaongezeka, hadi siku ile watu wa ziada wanapokwisha na mishahara kuanza kupanda. Faida isipowekezwa nchini, siku hiyo haifiki.

Na kahawa je? Bei ya jasho la mkulima wa kahawa inategemea kile ambacho angepata kama angeiacha kahawa na kulima chakula. Ikiwa shamba la chakula linatoa mavuno duni kwa kukosa mbegu bora, maji, barabara na elimu, basi hata akibadilisha zao la kuuza, jasho lake litabaki rahisi. Kwa hiyo Lewis alifundisha kwamba anayetaka kumwinua mfanyakazi wa mgodini hana budi kumwinua pia mkulima wa mahindi. Akaongeza jambo chungu: wenye mashamba makubwa na migodi ya kikoloni hawakuwa na faida yoyote katika kumwelimisha mkulima mdogo, kwa sababu mkulima akistawi, vibarua wataomba mshahara mkubwa zaidi.

Wale kati yetu waliozaliwa karibu na migodi ya shaba ya Katanga hawahitaji mfano mwingine ili kuelewa.

Si wataalamu wote waliokubaliana naye. Theodore Schultz wa Marekani alikataa wazo kwamba kijijini kuna watu ambao wakiondoka mavuno hayapungui. Aliona kwamba mkulima maskini anatumia kila mkono alio nao kwa hekima. Mwaka 1979 wanaume hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Tunapenda picha hiyo: watu waliopingana kwa hoja, wakaheshimiwa pamoja kwa sababu wote wawili waliwatazama maskini kwa makini.

5. Ghana: mshauri asiyesikilizwa

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, na mwaka huo huo Lewis alikwenda Accra kuwa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah. Wote wawili walitamani jambo moja: Afrika isimame kwa miguu yake. Lakini walipoketi kuandika mpango wa maendeleo, njia ziliachana. Lewis alitaka fedha ziende kwanza kwenye kilimo cha chakula, maji na shule. Aliona kwamba miradi kadhaa iliyopendekezwa ilikuwa ya kuonyesha fahari kuliko ya kuleta faida. Nkrumah alijiona kiongozi wa kisiasa mwenye mzigo ambao mtaalamu haubebi. Mwisho wa mwaka 1958 Lewis aliondoka.

Tusiharakishe kumhukumu mmoja wao. Kiongozi wa taifa changa anajua kwamba watu hawaishi kwa hesabu tu. Mtaalamu naye anajua kwamba deni la jengo la fahari litalipwa na mwenye jembe. Kwa Lewis, hii ilikuwa mara ya pili kuiacha ofisi kwa sababu neno lake halikupokelewa. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema: sitajihusisha tena na mambo ya serikali. Mwaka 1959 alikubali kurudi Karibi, kuwa mkuu wa chuo.

6. Nyumba moja, vyumba katika visiwa vingi

Chuo cha visiwa vya Karibi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1948 huko Mona, Jamaika, kikiwa na wanafunzi 33 wa udaktari. Madarasa ya kwanza yalikuwa majengo ya mbao yaliyokuwa kambi ya watu waliohamishwa kutoka Gibraltar wakati wa vita. Vyeti vilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Sisi wa Kongo tunaijua hali hiyo: Lovanium, kilichofunguliwa Leopoldville mwaka 1954, nacho kilianza chini ya ulezi wa Louvain.

Lewis alikuwa mwana wa Karibi wa kwanza kushika uongozi wa chuo hicho. Alikikuta kizuri lakini kidogo, chenye desturi za Kiingereza, ambapo wanafunzi wachache waliochaguliwa waliishi pamoja bwenini. Yeye alitaka kiwe kikubwa na kiwafikie vijana wa visiwa vyote. Mwaka 1960 chuo cha kilimo cha Saint Augustine, Trinidad, kiliunganishwa nacho kuwa tawi la pili. Hapo Trinidad, katika miaka hiyo hiyo, kilianzishwa kitivo cha uhandisi. Tusimame kidogo hapa. Kijana wa mwaka 1932 aliyeambiwa na hali ya dunia kwamba mweusi hawezi kuajiriwa uhandisi, alikuwa sasa mkuu wa chuo kilichoanza kuwafundisha uhandisi vijana wa Karibi nyumbani kwao.

Lakini siasa hazikusubiri. Mnamo Septemba 1961, wananchi wa Jamaika walipiga kura ya maoni, wakaamua kujitoa katika Shirikisho. Jamaika ilikuwa sehemu kubwa kuliko zote. Trinidad, ya pili kwa ukubwa, ikaona kwamba haitaweza kuwabeba wale wadogo peke yake, nayo ikajitoa. Lewis alisafiri kisiwa kwa kisiwa akijaribu kuwashawishi viongozi wa sehemu nane zilizobaki waunde angalau shirikisho dogo. Alikaa nao, akapiga hesabu, akaandika mapendekezo. Haikuwezekana. Miaka mitatu baadaye aliandika kijitabu juu ya uchungu wa sehemu hizo nane, na anayekisoma anaona kwamba mwandishi alikuwa na jeraha ambalo halijapona.

Sasa chuo kifanyweje? Hoja ya wengi ilikuwa nyepesi: nchi zimeachana, basi kila moja ijenge chuo chake, iwe na bendera yake na mkuu wake. Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, Trinidad na Tobago tarehe 31 Agosti. Katika majuma ya sherehe kama hayo, ni nani angependa kusikia habari ya kushirikiana na jirani aliyeachana naye jana?

Lewis alijibu kama mwanauchumi. Kitivo cha udaktari kinahitaji hospitali kubwa, maabara na walimu wa nadra. Kitivo cha uhandisi kinahitaji mitambo. Kisiwa kimoja chenye watu wachache hakiwezi kubeba vyote. Kikijaribu, kitapata vyuo vingi vya jina na hakuna hata kimoja cha kweli. Lakini hoja ya gharama peke yake haimtulizi mtu mwenye fahari. Kilichosaidia ni mpango wenyewe wa chuo. Udaktari ulibaki Jamaika. Kilimo na uhandisi vilikuwa Trinidad. Mwaka 1963 tawi la tatu lilifunguliwa Barbados. Kila kisiwa kikubwa kikawa na chumba katika nyumba hiyo, na kila kimoja kikahitaji vyumba vya wengine. Kijana wa Jamaika aliyetaka kuwa mhandisi alipanda meli au ndege kwenda Trinidad, na wa Trinidad aliyetaka kuwa daktari alikwenda Jamaika. Walikaa bweni moja, wakala meza moja, wengine wakaoana.

Serikali zilizoshindwa kuwa nchi moja zilikubali kuendelea kukigharimia chuo kimoja. Lewis akawa makamu wake wa kwanza wa mkuu wa chuo, cheo ambacho kwa desturi ya Kiingereza ndicho cha mwendeshaji halisi. Kwetu tungesema rekta. Haikuwa ushindi kamili. Guyana ilijitoa, ikaanzisha chuo chake mwaka 1963. Lakini angalieni alivyofanya: miaka mitatu baadaye, chuo hicho cha Guyana kilipomwomba kuwa mkuu wake wa heshima, alikubali, akashika cheo hicho kuanzia 1966 hadi 1973. Hakuwahesabu waliojitenga kuwa maadui.

7. Kuondoka tena, na kurudi tena

Mwaka 1963 malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka huo huo Lewis aliondoka Jamaika kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ambako alibaki profesa miaka ishirini. Kijana mmoja kati yetu anaweza kuuliza: kumbe naye aliwakimbia watu wake? Swali hilo ni la haki. Wazazi wake walihama, yeye alihama mara nne au tano. Alikaa katika uongozi wa chuo miaka isiyozidi minne.

Tunajibu kwa kutaja yaliyofuata. Mwaka 1970 nchi za Karibi zilianzisha benki yao ya maendeleo, makao makuu Barbados. Zilimwita Lewis awe rais wa kwanza. Aliacha ualimu kwa muda, akaijenga hadi mwaka 1973. Benki hiyo nayo ilikuwa mali ya pamoja ya nchi zilizoshindwa kuwa shirikisho. Kwa hiyo Lewis aliondoka, lakini hakuvunja kamba. Kila alipoitwa kwa kazi iliyowaunganisha watu wa visiwa vile, alirudi. Tunafikiri kwamba swali la kumuuliza mhamiaji si hili tu, "Unaishi wapi?" Kuna lingine: "Ukiitwa, unaitika?"

Alifariki Barbados tarehe 15 Juni 1991. Alizikwa Saint Lucia, kwenye kilima cha Morne Fortune juu ya mji wa Castries, katika uwanja wa chuo kinachoitwa kwa jina lake. Zamani kilima hicho kiligombaniwa na Wafaransa na Waingereza kwa mizinga. Leo vijana wanapita karibu na kaburi wakiwa na madaftari.

Chuo kikuu alichokishika kisigawanyike kipo hadi leo na kinaendelea kugharimiwa na serikali za nchi nyingi zinazojitegemea. Mwaka 2019 kilifungua tawi jingine katika kisiwa cha Antigua, kile kile ambacho walimu wawili, George na Ida Lewis, walikiacha kwenda kutafuta maisha kisiwa cha jirani.

8. Sisi je?

Sisi vijana wa Kongo tuna nchi moja kubwa kuliko visiwa vile vyote. Hata hivyo tunajua jinsi watu wanavyoachana: kwa kabila, kwa mkoa, kwa mji wa asili, hata ndani ya kikundi kimoja cha wanafunzi. Mara nyingi tunasema kwamba umoja utakuja kwanza katika siasa, ndipo mambo mengine yafuate. Historia ya Lewis inatuonyesha njia nyingine. Siasa za visiwa vile zilishindwa, na kushindwa huko kulikuwa kwa kweli. Lakini ilibaki nafasi ya kushika kitu kimoja cha pamoja, kidogo kuliko taifa na kikubwa kuliko kisiwa, ambacho kila mmoja alikihitaji na hakuna aliyeweza kukibeba peke yake. Yeye alikishika hicho.

Pengine kwetu kitu hicho ni maktaba ya parokia, karakana ya ufundi, au akiba ya kuwasaidia yatima kulipa karo. Tukikutana mwezi huu katika vikundi vyetu, tujadiliane maswali haya:

- Baba yake Lewis alimfundisha mtoto mgonjwa kwa miezi mitatu tu. Ni nani alitufundisha sisi bila kulipwa, na deni hilo tunamlipa nani?
- Katika mtaa wetu, ni kitu gani ambacho kila kikundi kinajaribu kukijenga peke yake, na ambacho tungeweza kukijenga pamoja?
- Ndugu zetu waliokwenda mbali, tunawaita kwa kazi gani? Au tunawaita kwa fedha tu?